Nimemwalika mama mkwe kucheza drafti

Jamani, leo nimemwalika mama mkwe kucheza drafti.

Sikukusudia. Binti yangu kaninunulia kishikwambi. Nikapakua kamusi, programu ya hali ya hewa, halafu drafti ya kupumzisha kichwa.

Ikauliza kama nialike marafiki. Nikabonyeza ndiyo, miwani iko mezani.

Mwaliko ukaenda kwa kila namba niliyonayo, hadi Mgeta kwa mama mkwe, ambaye hata kumsalimia huwa natazama chini.

Mke wangu anacheka tu: "Umeyataka mwenyewe, baba Neema."

Simu ikaita. Ni yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeshasogeza kete. Zamu yako."

Nikimshinda, sina adabu. Nikimwachia ashinde, atajua.

Mliooa, nisaidieni. Ananisubiri.