Diski Niliyoificha

Kompyuta niliyonunua mjini ilikuwa ya mkono wa pili, na Windows iliyokuja nayo ilijikokota hivi kwamba asubuhi moja niliamua kuiondoa na kuweka Linux. Nilichomeka flashi yenye Linux, nikafuata maelekezo. Nilipofika mahali pa kuchagua diski, orodha ilikuwa na kitu kimoja tu: flashi yenyewe. Diski ya ndani haikuonekana. Nilianza upya mara tatu, kama mtu anayeendelea kubonyeza kitufe cha lifti iliyoharibika.

Nikajikuta nikisoma maneno ya skrini kwa sauti, peke yangu jikoni. Hiyo ni tabia ya chuo kikuu. Mimi na rafiki yangu wa chumbani tulikuwa na kompyuta moja. Yeye aliandika amri, mimi nilisoma majibu, maana hakuviamini vidole vyangu. Kadi ya sauti peke yake ilitukosesha mihadhara ya wiki nzima. Siku ilipotoa mlio, tulikumbatiana.

Sasa yeye yuko Parklands, mimi Uthiru, jiji lile lile, na kwa miaka mingi tumekuwa tukionana kwenye kamati za mazishi tu. Hatukugombana. Afadhali tungegombana, tungekuwa na kitu cha kusuluhisha.

Nikampigia.

"Niaje, profesa," alisema. Sijawahi kuwa profesa. Ndiyo maana ananiita hivyo. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Naweka Linux na haioni diski."

"Umejaribu nini?"

"Kila kitu."

"Yaani hujajaribu chochote. Usiguse tena. Nakuja Jumamosi."

Ijumaa niligusa. Niliingia kwenye mipangilio ile inayofunguka kabla kompyuta haijaamka, nikakuta diski imewekwa kwenye mtindo unaoitwa RAID, ambao Linux haikuuelewa. Nikaubadilisha kuwa AHCI. Nilipowasha tena, diski ilikuwa pale kwenye orodha, na ukubwa wake wote.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliwaza kwamba sasa hana sababu ya kuja. Ningempigia, angesema "poa, mzee," na tungeonana kwenye msiba mwingine. Nikarudi kwenye mipangilio, nikarudisha RAID, nikazima. Mtu mzima, mwenye shahada mbili.

Alifika saa nne, tumbo limemtangulia, mkate mkononi. Hakusalimia sana. Alivuta kiti, akawasha kompyuta na kwenda moja kwa moja kwenye ile mipangilio. Kidole chake kikasimama kwenye neno RAID.

"Hii hukuiona?"

"Sikuiona."

"Wewe?"

Alinitazama juu ya miwani, muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akatoka kwenye mipangilio bila kubadilisha chochote, akaipindua kompyuta kifudifudi na kuhesabu skrubu kwa macho.

"Huenda ni kebo ya ndani," alisema. "Itabidi tuifungue yote. Una bisibisi?"

Nilikuwa nayo. Niliinjika chai kwanza, ndipo nikaenda kuitafuta.