Kocha Ilarie na Basi Lisilorudi Nyuma

Ilarie Bogdea alichezea timu ya taifa ya Romania. Hivyo ndivyo tunavyosema sisi wa Gura Plopului, na mgeni akiuliza alicheza dakika ngapi, tunamjazia glasi nyingine ya pombe ya plamu ili asahau swali. Ukweli ni kwamba aliitwa mara moja, akapewa jezi, akapasha misuli moto pembeni mwa uwanja kipindi chote cha pili, mvua ikimnyeshea, na filimbi ya mwisho ikamkuta bado anarukaruka. Mkewe, Chiva, alikuwa akisema hajaona mwanamume aliyepashwa moto muda mrefu namna ile akarudi nyumbani baridi vile.

Alikuwa winga wa kushoto. Baba yake alifyatua matofali, na watu walisema mzee aliuchoma ule mguu wa mwanawe tanuruni pamoja na matofali, ndiyo maana ulikuwa mgumu hivyo. Alicheza ligi kuu misimu miwili, goti likavunjika, akarudi kwetu kwenye timu ya kiwanda cha sukari. Kisha kiwanda kikafa, timu ikabaki kama mjane aliyekataa kuvua pete. Ilarie akawa kocha, kwa kuwa hakuna kazi nyingine ambayo mwenye goti bovu hulipwa kuwatukana wenye magoti mazima.

Hawakujaliwa watoto. Chiva alifua jezi za timu miaka yote hiyo na kuzianika uani, mpaka majirani wakasema nyumba ile ina watoto kumi na mmoja, wote wavivu.

Sasa, kocha yeyote wa nchi yetu atakuapia kwamba yeye si mshirikina, halafu pumzi hiyohiyo atakuambia basi la timu halirudi nyuma kabla ya mechi. Likirudi nyuma, na bahati inarudi nyuma. Wengine huishika sheria hii kama watu wanavyoshika mfungo, yaani mpaka harufu ya nyama iwafikie. Ilarie aliishika kama mtawa. Mwaka mmoja ugenini dereva aliegesha basi pua ikigusa ukuta wa hoteli. Timu nzima ilikwenda uwanjani kwa miguu, mabegi mabegani, basi likaachwa likitazama ukuta. Walishinda mabao matatu kwa bila. Baada ya hapo nani angembishia? Waliposhindwa, na walishindwa mara nyingi, palikuwa na mwamuzi wa kulaumiwa.

Halafu Chiva akaugua ini. Alilazwa hospitali ya mji wa mkoa, na majira ya kuchipua yalipofika daktari alianza kuzungumza na Ilarie koridoni badala ya kitandani. Chiva hakuwa mjinga, alijua maana ya korido. Akamwomba mumewe jambo moja tu. Kwetu mtu hafi bila mshumaa. Anayekufa hushikishwa mshumaa unaowaka, na wa kwake humsaidia kuushika, ili roho ipate kuona njia. Kufa bila mshumaa ni jambo ambalo hata maadui hawaapizani. Chiva alikuwa na wake tayari, umelala kwenye droo ya kando ya kitanda.

"Ilarie wewe," alimwambia, "umeniweka benchi maisha yangu yote, timu ndiyo ilicheza. Siku hiyo nipange mimi."

Akamwahidi. Na alikuwa akilala kwenye kiti pale wodini, akienda mazoezini na kurudi, akinuka nyasi na dawa.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa ugenini, na tukifungwa tunashuka daraja. Daktari alisema bado kuna siku kadhaa. Chiva mwenyewe alimfukuza aende, akamwambia arudi na pointi, la sivyo asirudi. Basi likaja kumchukua mlangoni pa hospitali.

Walikuwa wametoka mjini kidogo tu simu ilipolia. Alikuwa muuguzi. Alisema hali imegeuka, arudi sasa hivi. Ndani ya basi wote walimwona uso.

Pompiliu, dereva, alisimamisha basi mbele ya geti la mkulima mmoja. Barabara ni nyembamba pale, mtaro huku na mizabibu kule. Aliweka mkono kwenye gia.

"Kocha, nalirudisha hapa getini, nageuza. Kufumba na kufumbua uko mlangoni kwake."

Ilarie akaushika ule mkono. "Usirudi nyuma."

Nahodha akaja mbele. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wachezaji wote wanaomba basi lirudishwe. "Tukishuka tutashuka, Kocha. Si mara ya kwanza. Mama Chiva ni mmoja."

"Twende mbele," Ilarie akasema. "Kuna kituo cha mafuta hapo mbele. Tutazunguka."

Mtu asiyemjua atasema alichagua mpira. Sivyo. Baadaye alitueleza kwamba siku zile mambo mawili yalikuwa yameshikana kichwani mwake: timu ikibaki, Chiva naye atabaki. Aliona kabisa kwamba lile basi likirudi nyuma hata kwa urefu wa kiatu, amemuua kwa mkono wake.

Wakaenda mbele. Darajani wakakuta kondoo wanapelekwa milimani, kundi zima, na mchungaji ambaye hakuwa na mechi wala mgonjwa. Basi likajipenyeza kati yao polepole. Kituo cha mafuta kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo. Wakaendelea mpaka mzunguko wa barabara kuu, wakageuza kwa heshima zote, na waliporudi darajani wale kondoo walikuwa wamevuka nusu tu. Pompiliu alipiga honi. Mchungaji alivua kofia akawasalimu. Ilarie alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, mkono kwenye kitasa, midomo ikitembea.

Alizipanda ngazi za hospitali kwa lile goti. Muuguzi alikutana naye koridoni, na Ilarie pia alijua maana ya korido. Chiva alikuwa ameshafunikwa. Ilarie alifungua droo. Mshumaa ulikuwamo, mzima, utambi wake mweupe.

Timu ilifika uwanjani bila kocha, wachezaji wakifunga kamba za viatu mbiombio, ikashinda bao moja kwa bila. Mpira ulimgonga mgongoni beki wao, ukaingia wavuni. Hatukushuka daraja. Mjini kwetu tulipiga ngoma, na waliojua habari ya Chiva walipiga polepole.

Siku ya arobaini Ilarie alitandika meza uani, palepale jezi zilipokuwa zikianikwa. Palikuwa na ngano tamu iliyopikwa kwa ajili ya marehemu, nyama iliyoviringishwa ndani ya kabichi, na kila mgeni alipewa bakuli na mshumaa aende nao kwake. Trandafir, mwenyekiti wa timu, muuza saruji ambaye hajawahi kuona kimya akakiacha hivyo hivyo, alisimama na glasi, akamwaga tone chini kwa ajili ya marehemu, akaanza. Alisema mji huu hautasahau. Alisema wapo makocha wenye vyeti, na yupo kocha mmoja ambaye hata siku ya msiba wake hakuruhusu basi kurudi nyuma, na matokeo mmeyaona. Watu waligonga glasi. Wengine, Mungu atusamehe, tulipiga makofi.

Ilarie aliinuka, akaenda kukaa mwisho wa meza, alipokuwa Bibi Safta na magongo yake. Huyu alilazwa kitanda kilichopakana na cha Chiva, mguu ukiwa umefungwa plasta na kuning'inizwa. Alikuwa amekuja kwa gari la watu, kumuaga jirani yake wa wodi.

"Bibi, aliniulizia?"

Bibi Safta alijifanya anatafuta kitambaa. Kisha akasema muuguzi alikuwa peke yake siku ile, aliitwa chumba cha pili, na yeye Safta alijaribu kuifikia ile droo, mguu ukakataa.

"Aliniulizia, bibi?"

"Mara moja, mwanangu. Nikamwambia uko njiani."

"Nilikuwa njiani," Ilarie alisema. "Nilikuwa naenda upande wa pili."

Bibi kizee akamshika mkono uliokuwa mezani. Huko mwanzoni mwa meza Trandafir alikuwa ameanzisha wimbo wa timu na nusu ya wageni wameitikia kabla ya kukumbuka wako wapi. Ilarie alimwekea Bibi Safta kabichi nyingine kwenye sahani, akasogeza kiti karibu, akamwomba amsimulie asubuhi ile yote tangu mwanzo, taratibu, asiruke kitu.