Mfumaji wa Nateete na zambarau ya Benedicte

Ni Jumanne asubuhi. Guerschom Paluku anarudi Nateete, jijini Kampala, kutoka hospitali ya Mulago, kitenge cha mkewe kikiwa kimekunjwa kwapani. Majirani wameshakaa uani, wanamsubiri. Hasalimii mtu. Anapitiliza hadi nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati, na kuanza kufunika vyungu.

Benedicte, mkewe, amefariki alfajiri kwa ugonjwa wa figo. Katika ukoo wake, milimani upande wa Butembo nchini Kongo, nyumba ikifiwa kila chungu hufunikwa mpaka matanga yaishe, kiwe cha maji au cha maharage. Guerschom anataka mkewe apate heshima zote za kwao, ingawa atazikwa ugenini. Vyungu vitatu vya kibandani havina vifuniko, hivyo anavifunika kwa nailoni na kuvifunga kwa mpira wa baiskeli.

"Nilikaza kwa nguvu zote," anasimulia leo. "Siku ile sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia."

Ndani ya vyungu hivyo kulikuwa na rangi.

Guerschom ni mfumaji. Wakati huo alikuwa akifuma sufu kwenye chumba kidogo alichopanga karibu na soko la Nateete, ambako alikwenda asubuhi na kurudi nyumbani giza likiingia. Hutengeneza mishipi ya kwaya, vitambaa vya altare na stola za mapadri, na wateja wake wengi ni Wakongo wenzake waliokimbilia Kampala. Mwezi ukiwa mzuri, anasema, kodi inalipika na ada ya bintiye Reine inapatikana. Mwezi ukiwa mbaya, hula kwa mkopo wa dukani kama wengine.

Rangi ilikuwa kazi ya Benedicte. Alifundishwa na bibi yake, na malighafi yake ni yale magamba ya kijivu yanayoota kwenye magome ya miti ya zamani, ambayo nyumbani kwao waliyaita ngozi ya mti. Dada yake, Mbambu, anayeishi Kasese, huyaokota baada ya upepo mkali, kwenye matawi yaliyoanguka. Hayabanduliwi kwenye mti uliosimama, kwa sababu huchukua miaka mingi kuota tena.

Ukiyachemsha tu kwa maji, unapata kahawia nzuri ya kufumia mablanketi. Ukiyaponda na kuyaloweka kwenye mkojo uliolala siku nyingi, baada ya wiki kadhaa unapata zambarau. Uani kwao jambo hilo halikuwa siri. Lilikuwa linanuka.

Kabla ya kulazwa, Benedicte alikuwa amepokea kazi ya kanisa wanakosali: kitambaa cha altare na stola kwa ajili ya Kwaresima, vyote vya zambarau. Vyungu vitatu vile vilikuwa vya kazi hiyo, naye alikuwa amevianza siku chache tu kabla ya kwenda Mulago.

Matanga yalipoisha, Guerschom alifungua nailoni, akachovya uzi wa sufu na kuusuuza. Ukatoka na rangi ya chai ya rangi. Akasubiri siku mbili, akachovya tena kwenye chungu cha pili na cha tatu, akifunga nailoni kila alipomaliza, kwa sababu alimwona mkewe akifunika vyungu kwa gunia kila usiku. Chai ileile.

Rangi za madukani zipo mjini, naye anazijua. Lakini Benedicte alikuwa ameahidi kanisa rangi ya mikono yake, na Guerschom aliona kwamba kununua ya pakiti ni kumsemea uongo marehemu. Aliamua hivi: zambarau ikigoma, atawarudishia watu wa kanisa sufu waliyoileta, atauza kitanda cha kufumia na kutafuta kazi ya ulinzi.

Akampigia simu Mbambu. Shemeji yake alilia kwanza, kisha akakiri kwamba hana msaada. Yeye kazi yake ilikuwa kuokota. Bibi alipokuwa akifundisha, Mbambu alikuwa amekimbia ile harufu.

Jibu lilitoka mlango wa pili.

Alanyo ni mke wa sajini wa polisi, mwenyeji wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, na kwa miaka yote waliyoishi jirani alikuwa akilalamikia kibanda kile. Aliwahi kumwita mwenye nyumba mara mbili aje anuse mwenyewe. Siku hiyo alikuja na sahani ya mihogo kumjulia hali mfiwa, akaketi, na baada ya pole za kawaida akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Baba Reine, nakuambia ukweli. Tangu tuzike Mama Reine, dirisha yangu iko wazi mchana kutwa. Hakuna harufu. Nikasema, kale, haya basi, mzee ameacha ile kazi."

Guerschom akamwambia hajaacha, vyungu vimejaa.

"Basi mbona havinuki? Mama Reine alikuwa anafungua asubuhi watoto wakienda shule. Tena mchana, mimi nikipika. Tena jioni. Anakoroga, anakoroga, anaacha wazi ipigwe na hewa. Mimi nafunga dirisha, namtukana kidogo, yeye anacheka. Wewe umeifunga kama mafuta ya kuuza."

Guerschom anasema alibaki na kipande cha muhogo mkononi. Yeye aliondoka asubuhi na kurudi usiku, na vyungu alivijua vikiwa vimefunikwa tu. Aliyeshinda na Benedicte mchana kutwa alikuwa huyu mama aliyemchukia kwa sababu ya harufu.

Jioni ileile aliondoa nailoni na kukoroga. Kesho yake hakwenda sokoni. Harufu ikarudi uani, na watoto wakaanza tena kupita mbio karibu na kibanda. Siku ya tatu povu lilikuwa jekundu pembeni. Wiki ya pili alichovya uzi, akausuuza, akautandaza juu ya kiganja. Ulikuwa zambarau.

"Nilikaa chini palepale kwenye matope," anasema. "Nilikuwa nimelia sana kabla ya siku ile. Siku ile nilipumua."

Alimpelekea Alanyo uzi ule auone. Mama huyo aliugeuza kwenye mwanga, akasema ni mzuri, akaongeza kwamba bado unanuka.

Kitambaa na stola vilikamilika, na kanisa limekwisha kuvichukua. Guerschom amehamishia kitanda cha kufumia nyumbani na kukiacha chumba cha sokoni. Ijumaa hii Mbambu anapakia gunia la magamba kwenye basi la Kasese, na Jumamosi Guerschom ataanza kuloweka chungu kipya, cha kwanza ambacho Benedicte hakukigusa.