Usiniitikie, Aluoch

Mtoto wa ngozi alikuwa na uzito wa kilo tatu kasoro kidogo, na hakuna mwanafunzi wa uuguzi aliyepita mikononi mwa Sista Mbeti bila kumbeba. Alishonwa na Phares, fundi wa viatu pale soko la Kariokor, kwa mabaki ya ngozi laini ya mikoba. Tumboni alitiwa mchanga, na kifuani kile kibofu chembamba kinachokaa ndani ya mpira wa kandanda, kikaunganishwa na mdomo kwa kijibomba. Ukimpa pumzi vizuri, kifua kilipanda. Ukimpa vibaya, hewa ilitoroka kando ya shavu kwa sauti ya aibu na darasa zima likaangua kicheko. Wanafunzi walimwita Tiffany, maana walisema siku hizi kila ploti ya nyumba za kupanga za Eastlands ina Tiffany wake.

Chuo kiliwahi kuwa na mwanasesere wa dukani. Alipasuka, na barua ya kuomba mwingine ilikuwa mwaka wa tatu ikizunguka maofisini. Mbeti hakuwa mtu wa kungoja barua. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, mjane wa karani wa reli, mkaaji wa Makongeni tangu aolewe, na mkali kiasi kwamba hata madaktari wachanga walifunga vifungo vya koti wakimwona akija. Ukali wenyewe ulikuwa wa juu juu tu. Mwanafunzi yeyote mwenye njaa alijua kwamba droo ya meza yake haikosi mkate.

Somo lake lilikuwa la dakika moja.

"Mtoto akizaliwa halii, hana wakati wa kuwangoja nyinyi," aliwaambia. "Mpanguze, msugue mgongo. Kama bado, mlaze kichwa vizuri, mfunike mdomo na pua kwa barakoa yenye mfuko wa hewa, umpe pumzi. Unahesabu kwa sauti: pumua, mbili, tatu. Ukisema pumua unaminya ule mfuko, ukisema mbili, tatu unauachia. Na usisimame mpaka apumue mwenyewe. Mmenisikia? Usisimame."

Ujuzi huo ulikuwa na ukurasa wake katika kitabu cha kila mwanafunzi, na chini ya ukurasa palikuwa na nafasi ya sahihi ya mwalimu. Bila sahihi hiyo hukuruhusiwa kumshika mtoto asiyepumua, wala kufanya mtihani wa mwisho. Mbeti naye alikuwa na kanuni yake: hakumtilia sahihi mtu ambaye asingemkabidhi mjukuu wake mwenyewe. Mwaka huu, katika darasa la watu thelathini na wawili, ukurasa mmoja tu ulibaki mtupu, na ulikuwa wa Aluoch.

Aluoch alikuwa amejaribu mara nne. Kila mara alianza vizuri, kisha katikati mikono ikasimama, kana kwamba mtu amezima stima. Jambo hilo lilimuumiza Mbeti kuliko alivyoonyesha, kwa sababu alimpenda yule msichana. Alikuwa wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka, na adabu yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Kumrudisha nyumbani kwao mtaa wa Baba Dogo mikono mitupu, baada ya miaka mitatu na nusu, lingekuwa jambo la kumnyima Mbeti usingizi.

Alasiri moja Phares alimleta Tiffany, ambaye shingo yake ilikuwa imefumuka na kushonwa upya. Akapewa chai yake kama kawaida, akaketi kwenye benchi la nyuma. Mbele, Aluoch akaanza jaribio la tano. Alipanguza, akasugua, akafunika. "Pumua, mbili, tatu. Pumua, mbili, tatu." Kifua cha ngozi kikapanda, kikashuka.

"Aluoch, umeanza kumpa pumzi sekunde ya ngapi?" Mbeti aliuliza.

Aluoch aliweka mfuko chini, akasimama wima, mikono nyuma. "Ya hamsini, sista."

Hapo kifua cha Tiffany kilikuwa kimelala tuli.

"Ameenda tena," alisema Nduta, mcheshi wa darasa. "Woiye, Tiffany wetu."

Aluoch aliinamisha kichwa. Wenzake walipotoka, naye akawafuata huku akijifuta macho kwa mkono wa sare, Phares aliweka kikombe chini.

"Sista, mimi si daktari," alisema, "lakini mikono naijua. Ya yule msichana ni mizuri kushinda yako."

"Asante kwa kunitusi, Phares."

"Ni wewe unamsimamisha. Ukinyamaza anafanya kazi. Ukimsemesha tu, anaweka kazi chini akuitikie. Mimi nikiwa na kisu kwenye ngozi, hata pasta akinisalimia simwitikii. Nikimwitikia nitajikata kidole."

Mbeti alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, akavuta kiti akaketi, na Phares akaondoka bila kujua alichokigusa.

Kesho yake alimwita Aluoch ofisini. "Kwenu nyumbani, mtu mzima akikusemesha unafanya nini?"

Aluoch alishangaa kwamba hilo nalo linaulizwa. Baba yake, Mzee Willis, karani mstaafu wa baraza la jiji, aliwalea watoto wake kwa kanuni: mkubwa akikuita, unaweka chini ulichoshika, hata kama ni kijiko cha uji, unasimama, unamtazama, unaitika. Watoto wa Mzee Willis walijulikana ploti nzima kwa hilo. Kanisani walitolewa mfano.

"Basi kuanzia leo," Mbeti alisema, "kila siku saa kumi jioni utakuja hapa nikufundishe utovu wa adabu."

Aluoch alidhani ni mzaha, lakini haukuwa mzaha hata kidogo. Wiki mbili nzima Mbeti alimsumbua yule msichana juu ya kichwa cha Tiffany kama nzi. Alimuuliza amekula nini. Alimuuliza kama Mzee Willis hajambo. Alimwita jina lake kwa ukali, akapiga makofi karibu na sikio lake, akawaingiza akina Nduta mlangoni wakipiga kelele, "Niaje Aluoch! Sasa Aluoch! Kwani umetununia?" Phares mwenyewe alialikwa aje kusalimu kwa sauti yake nzito ya mzee wa kanisa. Hapo mikono ya Aluoch ilisimama papo hapo, na mdomo ukasema, "Salama, baba, karibu."

"Usiniitikie!" Mbeti alifoka. "Usimwitikie mtu yeyote! Hata malaika akija!"

"Sista, nikikunyamazia naona kama nakutukana," Aluoch alisema, na machozi yakamtoka kweli kweli. "Mwili unakataa. Labda mimi sikuumbwa kwa kazi hii. Nitamwambia baba nimeshindwa."

Mbeti aliuchukua mfuko wa hewa mikononi mwake, akaugeuzageuza. Halafu akafunga mlango na kusema jambo ambalo hata marehemu mumewe hakuwahi kulisikia.

"Nilikuwa mwanafunzi kama wewe. Hospitali sitaitaja. Mtoto wa kiume alizaliwa halii, mkunga ametoka kutafuta damu, nikaanza kumpa pumzi. Nilikuwa nafanya vizuri, Aluoch, nakumbuka kifua kikipanda. Msimamizi wa wodi akaingia akaniuliza, 'Nani amekuruhusu kushika vifaa hivyo?' Nikaweka mfuko chini. Nikasimama, mikono nyuma, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, kwa heshima zote. Nilijibu vizuri sana. Niliporudi kwa mtoto, hakukuwa na mtoto."

Aluoch aliacha kujifuta machozi.

"Hakuna aliyenilaumu. Walisema ni mapenzi ya Mungu. Mama yake alinishukuru, unasikia? Alinishika mikono akanishukuru. Miaka thelathini na sita sasa, na nikimwona njiani mtu wa umri ambao yeye angekuwa nao, namtazama." Alivua miwani akaipangusa kwa kanga iliyokuwa begani mwa kiti. "Mimi adabu yako naipenda. Nataka tu uicheleweshe kidogo."

Baada ya siku ile mikono iliacha kusimama, lakini kwa Tiffany peke yake. Mbeti aliliona hilo na hakutia sahihi. Tiffany ni ngozi na mchanga, na aliyekuwa akimsemesha Aluoch ni mwalimu aliyempenda. Siku atakapokuwa na mtoto wa nyama mbele yake na mkubwa mgeni nyuma yake, itakuwaje? Kitabu kilibaki katika mfuko wa sare ya Aluoch, na mtihani ulikuwa umebakiza siku tisa.

Jumatano asubuhi, Mbeti aliwapeleka wanafunzi sita kwenye wodi ya wazazi. Aluoch alikuwa na ruhusa ya kutazama na kupanguza tu. Saa nne hivi, Mbeti akiwa mwisho wa korido na wanafunzi wengine, alisikia mama akipiga ukelele wa mwisho wa kujifungua kutoka chumba cha pili. Akatega sikio kusubiri sauti ya pili, ile ndogo, na haikuja.

Alitembea. Alikuwa amewafundisha watu miaka mingi kwamba muuguzi hakimbii, lakini korido ile ilimtoa jasho. Alipofika mlangoni aliona mkunga wa zamu ameinama juu ya mama aliyeitwa Nekesa, akipambana na damu iliyokataa kukoma. Kitovu kilikuwa kimeshakatwa. Na kwenye meza ya kando, chini ya taa ya joto, kililala kitoto cha kike, kimelegea, rangi yake ya kijivu. Aluoch alikuwa amekiinamia.

"Pumua, mbili, tatu. Pumua, mbili, tatu."

Mbeti alijua kwamba anapaswa kuuchukua ule mfuko. Miguu ilikataa. Kabla hajavuta pumzi, mtu alimpita kwa kasi, akaingia. Alikuwa Sista Kasiva, msimamizi wa wodi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitisha mkutano, na alijua vizuri nani amepewa ruhusa gani katika wodi yake.

"Wewe mwanafunzi! Nani amekuruhusu kushika hiyo?"

Mbeti aliganda pale mlangoni, na mikono yake mwenyewe, bila kuamriwa, ikaenda nyuma ya mgongo. Alimwona Aluoch mabega yakimpanda. Aliiona ile mikono ikisita, kwa muda wa kupepesa jicho tu.

"Pumua," Aluoch alisema. "Mbili, tatu."

"Nakuuliza! Mimi nikiongea huwa mnaniangalia!"

"Pumua, mbili, tatu." Hakugeuka. Machozi yalilowesha barakoa aliyovaa mwenyewe, lakini kile kifua kidogo kilipanda, kikashuka, kikapanda.

Sista Kasiva alinyoosha mkono. Ndipo Mbeti alipoipata miguu yake. Alivuka chumba, akasimama katikati yao, mfupi kama alivyo.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye nimemruhusu. Mwache."

Kasiva alimtazama, akatazama kifua cha mtoto, akashusha mkono. Alikuwa muuguzi kabla ya kuwa msimamizi. Alishika kilichobaki cha kitovu kwa vidole viwili, akahesabu, akatikisa kichwa kukubali: moyo unapiga. Nekesa kitandani alikuwa akirudia swali moja tu, "Ni mzima? Ni mzima?" na mkunga, ambaye damu ilikuwa imeanza kumtii, alimwambia asubiri kidogo, mama, wanamshughulikia.

Aluoch aliendelea. Mbeti alihesabu naye kimoyomoyo, akapoteza hesabu, akaanza tena. Kisha kitoto kikakunja uso. Kikavuta pumzi moja ya kukwama, halafu nyingine, na vidole vikaanza kupata rangi. Halafu kikalia, kilio chembamba cha hasira, na Nekesa akalia kwa sauti kubwa kuliko mwanawe.

Aluoch hakuondoa mkono mpaka alipoona kifua kinapanda chenyewe, mara moja, mara mbili, mara kumi. Alimbeba mtoto akamlaza kifuani kwa mama yake, akawafunika shuka wote wawili. Ndipo alipogeuka. Alisimama wima, mikono nyuma, uso umelowa.

"Samahani sana, sista," alimwambia Kasiva. "Nilikusikia ukiniuliza jambo."

 Mbeti alinyoosha mkono, akaomba kile kitabu chenye ukurasa mtupu.