Jalada Langu na Pamba ya Shule

Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu: kuondoka kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi, nikawe mkufunzi wa chuo cha ualimu. Nilikuwa nimechoka. Darasani watoto walibanana hadi dirishani, chaki tuligombania, na kila familia iliyohamishiwa kijijini iliniongezea wengine. Ili nipate nafasi ile, ilibidi mkaguzi aje aone ushahidi wa ufundishaji wangu.

Basi nikaandaa jalada. Maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, insha za watoto nilizosahihisha, michoro niliyochora kwenye mifuko ya saruji. Humo ndimo nilimokuwa mwalimu. Kwingineko nilikuwa nyapara wa majembe, nikiwasimamia watoto kwenye shamba la shule.

Wazazi walisikia ninaomba kazi, wakanihurumia. Wakaja na kikundi chao cha kulima, ngoma mbele, majembe yakirushwa na kudakwa, wakapalilia shamba lote la pamba la shule. Mama mmoja, jirani yangu, alinifuata akijifuta jasho.

"Mwalimu, tumekusaidia. Mkaguzi akija ataiona kazi yako."

"Wabeja, mayu," nikamshukuru mama yule kwa Kisukuma. Ningesema nini? Kwao mwalimu mzuri alijulikana kwa shamba, na tangu ije siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka kila shule ilime, wakubwa nao walisema karibu hivyo hivyo.

Mkaguzi alikuja pamba ikiwa imepasuka, nyeupe pe. Alipita mistarini na mwalimu mkuu akichekelea, mimi nyuma yao nimekumbatia jalada. Nilipomkabidhi, alilipima uzito kwa mkono kama anayenunua kuku, akalitupa kwenye kiti cha Land Rover.

"Tutalisoma," akasema.

Darasani hakuingia. Angemkuta nani? Watoto walikuwa shambani wanachuma.

Majibu yalifika mvua zilipoanza. Mwalimu mkuu alinisomea huku akitabasamu, maana kwake ilikuwa sifa: shamba la shule hii ni mfano kwa wilaya nzima, na mwalimu anayelisimamia asihamishwe. Kuhusu ufundishaji wangu hapakuwa na neno hata moja. Nilijiona nimezikwa ningali hai, tena na watu wanaonipenda.

Jioni jirani yangu akaniuliza habari. Nikamwambia nimesifiwa, nitabaki. Akapiga vigelegele, akaniahidi kwamba msimu huu wataleta vikundi viwili.