Ufunguo wa Chumba cha Pampu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mtu wa kumfasiria. Nilipewa kamusi. Nilikuwa nimefika Kolwezi kwa treni kutoka Kasaji, miguuni viatu vya kuazima, na Kiingereza nilichofundishwa na shangazi yangu wa Ndola kilinifanya nijione mjuzi. Mkuu wa wakalimani wa mgodi, mzee aliyewahi kuwa mwalimu kule Sandoa, aliisukuma ile kamusi mbele yangu. "Mama," akasema, "neno ni kama mutu. Usimutume kazi kama haujamuuliza kwanza alitoka wapi."

Ilikuwa kamusi nzito, ambayo chini ya kila neno ilieleza lilivyotumika enzi za mababu wa Waingereza. Tulianza na belief na relief. La kwanza leo ni imani, hata ile ya kukubali tu kwamba jambo ni kweli. Lakini lina undugu na neno lao la kale la kupenda, na hapo mwanzo lilikuwa kumtegemea mtu, kumweka moyoni. La pili ni nafuu, ile pumzi unayoishusha hatari ikipita. Asili yake ni kuinua tena kilicholala chini. Zamani hata mabaki ya chakula cha mezani waliyopewa maskini yaliitwa hivyo, na mlinzi anayekuja kushika zamu ya mwenzake anaitwa hivyo hadi leo. Nilijizuia kucheka. Nani mgodini angeniuliza habari za mababu wa Waingereza?

Kazi yenyewe ilikuwa na miiko. Msemaji akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Huongezi wala hupunguzi, hata akitukana. Na ukikosea, unainua mkono mbele ya wote na kusema mkalimani amekosea. Huo wa mwisho niliuona wa wanagenzi, na mimi, kwa kiburi changu, sikujihesabu miongoni mwao.

Mwaka wangu wa tatu maji yalipanda shimoni yakaizamisha pampu kubwa. Aliyeitwa ofisini ni Tata Kasongo, yaani Baba Kasongo, fundi wa pampu, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Daftari la zamu halikuwa na sahihi ya Ilunga, aliyepaswa kumpokea zamu. Ilunga mwenyewe alikuwa hospitalini, malaria imempanda kichwani, hawezi kusema. Mkurugenzi, mgeni aliyejua Kiingereza tu, akaamua kwamba Ilunga hakufika na Tata Kasongo aliiacha pampu bila mtu. Barua ya kumfukuza kazi ilikuwa mezani, imebaki kutiwa sahihi.

"Kwa nini nimwamini?" akauliza mkurugenzi.

Nikafasiri. Tata Kasongo akanigeukia. "Mama, umwambie huyu tata, kama angetokaka mu kiti yake na kushuka chini hata siku moja, angeuliza kwanza ufunguo iko kwa nani. Mi siachaka ufunguo ku meza. Natiaka mu mukono ya mutu."

Niliogopa. Nikaona maneno yale yatammaliza, naye ana watoto saba. Nikamwambia mkurugenzi: "Anaomba msamaha, na anaomba asikilizwe." Mkurugenzi akatikisa kichwa kama aliyesikia mtu akikiri kosa, akachukua kalamu.

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Nilikuwa nimelitupa tusi, na ushahidi ulikuwa ndani yake. Kule chini kila mtu alijua desturi: ufunguo wa chumba cha pampu hutoka mkono kwa mkono, anayeupokea anasema "Nimepokea", ndipo mwenzake anapanda ngazi. Sahihi hufuata baadaye, mikono ikishakauka.

Niliinua mkono. "Mkalimani amekosea," nikasema. Kisha nikayasema yote kama yalivyokuwa, pamoja na ya kiti.

Mkurugenzi aliiva uso. Nikawa nawaza nitarudi Kasaji na uso gani. Mwishowe akaweka kalamu chini. "Na huo ufunguo uko kwa nani?"

Mtu akatumwa hospitalini. Muuguzi aliukuta mfukoni mwa ovaroli ya Ilunga, ukiwa bado umefungiwa kibao chake cha mti. Aliupokea, homa ikamkuta baadaye, kabla hajatia sahihi. Mkurugenzi aliichana barua mwenyewe, akaniambia, "Mwambie kesho nitashuka naye." Na alishuka kweli, akarudi na matope magotini.

Nilitoka, nikakaa sakafuni kwenye korido, nikalia kwa furaha ya kuponea chupuchupu. Tata Kasongo akasimama karibu yangu. "Mama, ulisema na ile ya kiti?"

"Nilisema, tata."

"Yote?"

"Yote."

Alicheka hadi akashika ukuta. Mkuu wangu hakunigombeza. Aliniambia tu nirudie kusoma yale maneno mawili ya siku ya kwanza, na safari hii sikutaka kucheka.

Tangu siku ile sikumpunguzia mtu neno lake. Siku nilipostaafu, aliyekuja kushika nafasi yangu alikuwa binti kutoka Fungurume, mwepesi wa lugha kuliko mimi. Nikamletea kamusi. "Uweke tu ku meza, mama," akasema, macho kwenye simu. "Nitabeba nyuma, nikimaliza."

"Hapana, mwanangu. Lete mikono."

Akaiweka simu chini, akanyoosha mikono yote miwili. Sikuiachia kamusi. Alinitazama, asijue ninangoja nini, nami nikamwambia.

"Nimepokea," akasema.

Nikashusha pumzi, nikaenda nyumbani.