Maumivu ya Siku ya Sabato

Sisemi haya kwa kujisifu. Au basi, acha nijisifu, maana siku ile nilistahili.

Mume wangu huchimba dhahabu Macalder. Kule mashimoni kuumwa mkono ni sehemu ya kazi, na mwanamume anayelalamikia bega huchekwa. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa kubisha hodi na mashine ya kupima presha. Nilikuwa nimempima kila mtu mtaani isipokuwa huyo ninayelala naye kitanda kimoja. Kwa kukwepa, hana mpinzani.

Jumamosi hiyo tulitoka kanisani, tukala chakula nilichopika Ijumaa kama desturi yetu Waadventista. Mara akaanza kujisugua kifua.

"Ni gesi tu. Nikorogee maji ya magadi."

Nikaenda kumkorogea, nakiri. Niliporudi alikuwa akitokwa jasho kivulini, huku akiukanda mkono wa kushoto.

"Na mkono una nini?"

"Hii ni ya nyundo. Si unajua kazi yangu?"

Nyundo gani? Tangu jua la Ijumaa lizame na Sabato kuanza, hakuwa ameshika hata jembe, na asubuhi alimbeba mjukuu wetu kwa mkono huohuo mpaka kanisani bila neno. Sabato ilikuwa imemnyima kisingizio. Nikayamwaga yale magadi.

"Keti. Usiende hata hatua moja."

"Mama watoto, wacha nilale kidogo, nitaamka nikiwa sawa."

"Ukilala huenda usiamke."

Nikampigia muuguzi wa zahanati yetu. Aliuliza kama ana vidonda vya tumbo au kama aspirini humdhuru. Nilipojibu hapana, akasema nimpe aspirini aitafune, asiimeze nzima, kisha twende moja kwa moja hospitali kubwa Migori. Jirani akatoa gari. Njia nzima niliushika mkono wake uliokuwa baridi, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Walimbandika nyaya kifuani wakaupima moyo. Mshipa unaoulisha moyo damu ulikuwa umeziba. Wakamtundikia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, wakasema tumewahi. Presha ile aliyoikimbia miaka yote ndiyo iliyokuwa ikiuharibu mshipa polepole. Sasa anameza dawa kila asubuhi, na chumvi mezani hakuna.

Siku ya tatu ya kulazwa kwake, daktari alipita wodini na wanafunzi wake, akamuuliza maumivu yalianzaje. Mume wangu, mtu asiyekubali kusemewa hata bei ya mkate, akaninyooshea kidole mbele ya wodi nzima.

"Daktari, uliza huyu. Mwili ni yangu, lakini yeye ndiye anaijua."

Wanafunzi wakanigeukia na kalamu zao. Nikasimama, nikaanza kuwafundisha.